Masomo ya Chuo Katika Shule ya Sekondari: Ya Kuuliza Kabla ya Kutia Sahihi

Kila mwaka shule za sekondari nchini Marekani huwapelekea wazazi fomu ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata. Ndani yake mna masomo ya kawaida, na mna mengine ya kiwango cha chuo kikuu. Wazazi huhimizwa kuchagua haya ya pili kwa hoja moja kubwa: kwamba mtoto atakayeyafaulu ataingia chuoni akiwa na krediti mkononi, na familia itaokoa karo. Hoja hiyo ina ukweli, nasi hatuipingi. Lakini anayeitoa si mwenye mamlaka ya kuitimiza. Krediti inayohesabiwa katika shahada hukubaliwa au hukataliwa na chuo atakachojiunga nacho mtoto, na siku mzazi anapotia sahihi, chuo hicho bado hakijulikani.

Tueleze hapa kwamba krediti si mkopo wa fedha, ingawa neno lenyewe huweza kumpoteza msomaji. Ni kipimo cha masomo yaliyokamilishwa, ambacho chuo hukijumlisha hadi kitoshe kutunuku shahada.

Aina inayojulikana zaidi ni masomo ya Advanced Placement, yaani AP, yanayosimamiwa na shirika liitwalo College Board. Mwanafunzi husoma mwaka mzima, kisha hufanya mtihani mwezi Mei na kupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Krediti hufuata alama ya mtihani huo, wala si alama aliyopewa na mwalimu darasani. Katika jimbo la Texas, sheria ya mwaka 2015 huvitaka vyuo vya umma kutambua alama ya 3, isipokuwa chuo kikiwa na ushahidi kwamba alama ya juu zaidi inahitajika. Kwingineko, vyuo vingi huanzia 4 au 5. Dartmouth kilikoma kabisa kutoa krediti za AP kwa wanafunzi walioingia kuanzia mwaka 2014. Na kijana anayeazimia kuwa daktari ajue kwamba shule nyingi za utabibu hutaka baiolojia na kemia zisomwe chuoni kwenyewe. Krediti ya AP huenda isimwondolee wajibu huo.

Gharama nayo hutangulia faida. Mwaka 2025 ada ya mitihani mingi ya AP ilikuwa dola 99 kwa kila mmoja, hivyo mwanafunzi wa masomo matano alihitaji dola 495. Baadhi ya majimbo na shule hulipa ada hiyo, na familia zenye kipato kidogo hupata punguzo, ulizeni. Mitihani huagizwa katikati ya Novemba, miezi sita kabla ya kufanywa. Anayechelewa huongezewa dola 40, na anayeghairi baada ya tarehe hiyo huweza kutozwa dola 40 vilevile.

Aina ya pili ni usajili wa pamoja: mwanafunzi wa sekondari huandikishwa katika chuo, mara nyingi chuo cha jamii kilicho jirani, na kuhesabiwa mwanafunzi wa pande zote mbili. Mara nyingi wazazi huipenda kwa kuwa huwa ya bei nafuu au ya bure. Hapa ndipo tunapowaomba wasome kwa makini zaidi. Asiyefaulu mtihani wa AP anaweza, kwa kawaida, kutoutaja popote. Alama ya usajili wa pamoja huandikwa katika rekodi ya kudumu ya chuo. Kijana wa miaka 16 akipata F, rekodi hiyo itadaiwa na chuo chochote atakachoomba baadaye. Tena, msaada wa fedha wa serikali kuu huambatana na sharti la maendeleo ya kuridhisha katika masomo, na F hiyo huweza kuhesabiwa dhidi yake, hasa akijiunga na chuo kilekile. Huenda basi akaanza mwaka wa kwanza akiwa tayari chini ya onyo, kwa somo ambalo halikumgharimu hata senti.

Tusisahau saa za siku. Masomo haya huja na usomaji mwingi na insha nyingi. Mtoto ambaye bado anajifunza Kiingereza, au anayelea wadogo zake jioni mama akiwa kazini zamu ya usiku, hana saa sawa na mwenzake. Masomo mawili aliyoyaelewa vema humfaa kuliko matano yaliyomkosesha usingizi.

Kabla ya kutia sahihi, chagueni vyuo vitatu ambavyo mtoto anaweza kujiunga navyo, na mtafute katika tovuti ya kila kimoja ukurasa unaoonyesha alama zinazokubaliwa na somo zinalolifidia. Angalieni neno moja: krediti ya «uchaguzi» huongeza hesabu tu, haiondoi somo la lazima.

Iwapo mtoto amekwisha kuandikishwa na mzigo umemzidi, mwoneni mshauri wa shule mara moja. Vyuo huweka tarehe ya mwisho ya kuacha somo pasipo alama kuandikwa, nayo kwa kawaida huwa katika majuma ya mwanzo ya muhula. Baada ya hapo anayejiondoa huandikiwa herufi W, na herufi hiyo hubaki katika rekodi.