Dainamo ya Baiskeli: Taa Inayoanzia Miguuni

Je, wajua kwamba ukiendesha baiskeli usiku, miguu huhisi umeme kabla macho hayajaona mwanga? Unaibofya dainamo, inaegemea tairi, pedali zinakuwa nzito kidogo, ndipo taa inawaka. Uzito ule si ubovu wa baiskeli.

Kwa nje dainamo ni kichupa cha chuma chenye kichwa cha meno madogo, kilichobanwa na springi kisugue ubavu wa tairi. Gurudumu likizunguka mara moja, kichwa hicho huwa kimezunguka zaidi ya mara 20. Ndani hamna betri. Kuna sumaku, na kuna koili: waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi na kuzungushwa mamia ya mizunguko. Kinachozunguka ni sumaku. Koili imetulia tuli.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Hudhani sumaku inatoa umeme kwa kuwapo tu. Iweke karibu na koili mwaka mzima, hutapata kitu. Mwanasayansi Michael Faraday, aliyezaliwa na mhunzi na kuanza maisha kwa kujalidi vitabu, alihangaika na jambo hili kwa miaka. Oktoba 1831, jijini London, aliisukuma sumaku ndani ya koili na mshale wa kipimo chake ukaruka. Sumaku ilipotulia, mshale ukarudi kwenye sifuri. Alipoichomoa, ukaruka upande wa pili. Kumbe siri ilikuwa kwenye mwendo: uga sumaku unaopita katika koili lazima ubadilike.

Dainamo hufanya tendo lilelile bila kupumzika. Ncha ya kaskazini inapita, ya kusini inafuata, na kila zinapopishana umeme hugeuza uelekeo. Ndiyo maana unaitwa mkondo geu, ndugu wa ule wa ukutani. Kule kwenye kituo cha umeme wa maji cha Kidatu, Tanzania, maji ya Mto Ruaha Mkuu ndiyo yanayokanyaga pedali. Kwenye baiskeli ni wewe, na dainamo ya kawaida hukupa volti 6 na wati 3.

Tazama pia waya. Kwenye baiskeli nyingi ni mmoja tu, kutoka dainamo hadi taa. Sakiti inakamilikaje basi? Umeme hurudi kupitia fremu. Fundi mzuri akifunga dainamo hukaza skrubu mpaka ncha yake ipenye rangi na kuuma chuma kitupu. Napenda sana ujuzi huu. Taa nyingi zinazodhaniwa kufa zimezuiwa na kutu au rangi tu. Kwangua kidogo, zinafufuka.

Na ule uzito? Umeme ukipita kwenye koili, koili nayo inakuwa sumaku, na usumaku wake huipinga ile inayozunguka. Mwanafizikia Heinrich Lenz alilieleza hilo mwaka 1834. Ili sumaku iendelee kuzunguka, lazima mguu usukume zaidi, na kazi hiyo ya ziada ndiyo inayogeuka kuwa mwanga na joto.

Jaribu mwenyewe. Pindua baiskeli, zungusha gurudumu kwa nguvu dainamo ikiwa mbali na tairi, uhesabu sekunde hadi lisimame. Rudia dainamo ikiwa imeegemea. Litasimama mapema zaidi. Sehemu ya nguvu imeliwa na msuguano wa kichwa na tairi. Sehemu nyingine utaiona ikimulika ukutani, ikififia kadiri gurudumu linavyopunguza mwendo.