Mama, Mtoto na Ukumbi wa Mkutano

Msafiri atokaye Arusha kwenda Ngorongoro hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, akapanda ukingo wa Bonde la Ufa, kisha akafika Karatu, mji unaopitiwa na karibu kila gari la watalii liendalo lango la Lodoare. Magari hayo hupita mbele ya wanawake wauzao shanga, vikapu, kahawa na vitunguu vya Mang'ola. Aghalabu hayasimami, kwa kuwa mgeni amekwisha kuchagua pa kulala, pa kula na pa kununua zawadi kabla hajapanda ndege kwao. Amechagua kwa simu yake. Basi si ajabu kwamba siku hizi akina mama wanaitwa kwenye semina za kuandika blogu, kupiga picha za bidhaa na kutafuta wateja kwa njia ya intaneti. Hilo ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono.

Lakini katika semina moja ya namna hiyo tuliyohudhuria mjini Karatu, tuliona jambo ambalo hatuna haki ya kulinyamazia. Mama mmoja, muuza shanga, alikuja na mtoto mchanga wa miezi minne. Mdogo wake alimshika mtoto huyo barazani. Kila mtoto alipolia, mama aliinuka, akainamisha kichwa kama mwenye kosa, akatoka. Somo la kupanga bei na kumjibu mteja aliye mbali, ambalo ndilo alilolifuata, lilifundishwa yeye akiwa nje amejibanza ukutani, mtoto kafunikwa kanga kwa ajili ya upepo wa baridi. Jioni tulimwuliza ameyaonaje masomo. Alijibu kwa upole: "Ndugu, jina langu limeingia. Mimi mwenyewe nilikuwa nje."

Taarifa ya semina ilipoandikwa, mama huyo alihesabiwa miongoni mwa wanawake waliofundishwa. Hatulaumu mtu mwingine, kwani sisi nasi tulikuwa miongoni mwa waliotia saini. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni taarifa ngapi katika makabati ya ofisi zetu, za Bara na za Visiwani, ambazo zimewahesabu akina mama waliokuwa barazani.

Wako watakaosema kwamba aliyekosa somo moja ataazima daftari la mwenzake. Hao hawajui mkutano ni kitu gani. Mwezi Septemba mwaka 2005, Ndugu Muhidin Issa Michuzi, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Daily News, alikwenda Helsinki, Ufini, kwa kazi yake ya kuandika habari za mkutano. Huko alikutana na Ndugu Ndesanjo Macha, mmoja wa Watanzania wa mwanzo kuandika blogu kwa Kiswahili, ambaye alimsaidia kufungua blogu yake. Blogu hiyo ikaja kuwa miongoni mwa zilizosomwa sana na Watanzania waliokuwa nyumbani na ng'ambo. Jambo hilo halikuwamo katika ratiba ya mkutano. Lilitokana na watu wawili kukaa pamoja na kuzungumza. Faida kubwa ya mkutano hupatikana wakati wa chai, watu wanapofahamiana na kupeana namba za simu. Na wakati wa chai ndio wakati ambao mama anayenyonyesha hutoka mbio kumtafuta mwanawe. Hukosa somo, akakosa na watu.

Hasara hiyo si ndogo. Asiyejifunza kuitangaza bidhaa yake mwenyewe atatangaziwa na mwingine, na anayetangaza ndiye ajulikanaye. Mfano uko hapo hapo Ngorongoro, katika bonde la Oldupai. Tarehe 17 Julai mwaka 1959, Mary Leakey, mama wa wavulana watatu, aliliona fuvu la kale lililopewa jina la Zinjanthropus. Mumewe, Louis, siku hiyo alikuwa kambini amelala kwa ugonjwa. Mwezi uliofuata fuvu hilo lilitangazwa katika mkutano wa wataalamu wa historia ya kale uliofanyika Leopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, na aliyesimama kulitangaza alikuwa Louis. Kwa miaka mingi jina la mume lilivuma kuliko la mke. Mary Leakey alikuwa mtaalamu mwenye elimu na nyenzo, na baadaye sifa zake zilimfikia. Muuza shanga wa Karatu, au mkulima wa mwani wa Paje, ambaye bidhaa yake hupita mikononi mwa mchuuzi hadi jina lake likapotea njiani, atafikiwa lini?

Wala tusidhani kwamba mashaka haya ni ya wanyonge peke yao. Tarehe 7 Agosti mwaka 2019, Bibi Zuleika Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, jirani zetu wa pwani, aliingia katika Bunge la Kenya na mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa kutoka. Alieleza kwamba alipatwa na dharura, na kwamba hapakuwa na mahali pa kumwacha mtoto. Na hayo yalitokea katika nchi ambayo Sheria yake ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea. Ikiwa mbunge alitolewa mlangoni, muuza shanga atasema nini?

Nasi tunazo sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inamtaka pia mwajiri amruhusu mama kunyonyesha katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Zanzibar nayo ina Sheria ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, inayotoa likizo ya uzazi. Sheria hizo ni njema, lakini zinamsemea mwajiriwa. Mama wa shanga, wa kahawa na wa mwani hana mwajiri wa kumwomba saa mbili. Anayemwita kwenye semina ndiye, kwa siku hiyo, anayeshika nafasi ya mwajiri, na wajibu huo haujaandikwa popote katika barua ya mwaliko.

Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kukaa shuleni tunakumbuka kwamba Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na ikamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama huyo. Maana yake ni kwamba kunyonyesha hakukuachwa kuwa mzigo wa mwanamke peke yake. Wataalamu wa afya nao wanashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Hatuwezi kumhimiza mama kliniki anyonyeshe, kisha tukamhimiza ukumbini amwache mtoto nyumbani.

Tunayoyataka si makubwa. Kila semina ya Serikali, ya Halmashauri au ya shirika itenge chumba kimoja chenye mlango, mkeka na maji safi, karibu na ukumbi kiasi cha mama kuweza kusikia linalosemwa. Barua ya mwaliko imwulize mama kama ananyonyesha, na nauli na chakula cha mlezi viingizwe katika bajeti kama viingizwavyo vya dereva. Ratiba iwe na mapumziko ya kutosha, na somo kubwa lisiwekwe mwisho wa siku. Nao akina baba wafahamu kwamba kumbeba mtoto siku moja ili mama asome hakumpunguzii mtu uanaume wake.

Fedha ipo. Mahali palipopatikana fedha za mabango na fulana za washiriki, hapakosi fedha za mkeka. Lililokosekana ni mtu wa kuliuliza jambo hilo siku ya kupanga bajeti. Tunawaomba maofisa wetu, wa Karatu, wa Ngorongoro, wa Unguja na wa Pemba, waliulize. Nasi tunaahidi kwamba taarifa ya semina itakayotufikia tena, hatutaitia saini mpaka tumeambiwa ni wangapi waliosoma, na ni wangapi waliokuwa nje.