Mbona Wasee Wengi Huacha Kupiga Chuma Wiki ya Tatu

Januari jim hujaa hadi unangojea benchi vile unangojea mat asubuhi. Kufika Februari mmebaki watu 5. Shida si uvivu, ni kioo. Msee anapiga chuma wiki 3, anajicheki, mkono ni ule ule, anatoka.

Kumbe mwili huanzia ndani. Hizo wiki za kwanza nguvu huongezeka sana sana juu ubongo na mishipa ya fahamu zinajifunza kutumia misuli uko nayo tayari. Kufura kwenye kunaonekana huchukua miezi. So wachana na kioo, shika daftari: leo kilo 40 mara 8, next time jaribu mara 9. Ukifikisha 12 bila kuyumba, ongeza kilo 2.5. Siku huskii kuenda, hiyo namba ndiyo itakuvuta.

Mimi nilijifanya mnoma mbele ya maboyz, nikabeba yenye siwezi. Bega lilinikalisha nje miezi 2, na hakuna hata mmoja alipiga makofi.

Na si lazima kila siku, buda. Misuli hujijenga ukipumzika. Ukianza, mara 3 kwa wiki inatosha. Ukiwa umechoka, enda upige seti moja tu. Mara mingi utajipata umemaliza zote.