Samaki wa Miambani na Majirani Wao

Mtu atokaye Maguu akishuka milima ya Umatengo kwenda upande wa magharibi, hufika pwani ya Ziwa Nyasa. Huko Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wavuvi hupata usipa na mbasa, na samaki hao wajulikana sana, kwa kuwa huuzwa hata katika masoko ya milimani. Lakini penye miamba na maji maangavu wako samaki wengine wadogo, wengi wao wenye urefu wa kidole au kupita kidogo, ambao wavuvi hawawajali sana. Wengine ni wa buluu, wengine wa manjano, na wengine wana milia kama punda milia. Watu wa ng'ambo ya Malawi huwaita mbuna, na jina hilo limeenea duniani kote. Tangu miaka ya 1960 samaki hawa wamepelekwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, ambako watu huwafuga katika matangi ya kioo, si kwa kuwala, bali kwa kutazama uzuri na tabia zao.

Kufuga samaki katika tangi la kioo si kazi nzito, lakini yataka maarifa. Mara nyingi samaki wa tangi hufa kwa sababu mbili: maji mabaya au majirani wabaya.

MAJI

Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita 580 hivi, na kina chake kikubwa ni meta 700 au kuzidi. Katika maji mengi namna hiyo, uchafu wa samaki si kitu. Katika tangi, sivyo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia, nayo haina pa kwenda.

Lakini kuna vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria, ambavyo hugeuza sumu hiyo. Bakteria wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa kidogo. Bakteria hao huota juu ya mawe, mchanga na ndani ya chujio. Kuzaliana kwao huchukua majuma manne hadi sita. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara hulijaza tangi lake maji, huendesha chujio, na kutia chembe chache za chakula kila siku ili bakteria wapate kazi, kabla ya kuleta samaki hata mmoja. Mwenye haraka, atiaye maji asubuhi na samaki jioni, huenda akawakuta wamekufa kabla ya majuma mawili kupita. Hata baadaye, yafaa kuondoa robo ya maji kila juma na kutia mapya, kwa maana nitrati huzidi kujikusanya. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya klorini yasitumiwe mpaka dawa hiyo imeondolewa, kwa kuwa huua samaki na bakteria pia.

Tena maji ya Ziwa Nyasa yana tabia yake. Wataalamu hupima ukali wa maji kwa namba. Maji yasiyo makali kama ndimu wala yasiyoelekea magadi, namba yake ni 7. Maji ya Ziwa Nyasa ni kati ya 7.7 na 8.6, yaani yaelekea upande wa magadi. Vipande vya mawe ya chokaa vikiwekwa ndani ya chujio, husaidia kuyashika maji katika hali hiyo. Na joto lake liwe digrii 24 hadi 27. Pwani ya ziwa jambo hili si gumu, lakini milimani kama Maguu, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, maji ya tangi hayana budi kupashwa moto kwa chombo cha umeme.

TABIA

Mbuna huishi penye miamba, nao hukwangua mwani uotao juu ya mawe. Utumbo wao ni mrefu, kama ilivyo kwa wanyama wengi walao majani. Wakilishwa nyama kila mara, huweza kuvimba tumbo na kufa. Chakula chao kiwe cha mimea zaidi, tena kidogo: kile kinachokwisha kwa dakika mbili au tatu.

Dume huchagua mwanya kati ya mawe, akaulinda kama mtu alindavyo shamba lake. Dume mwingine akikaribia, hasa mwenye rangi kama yake, hufukuzwa mara moja. Ziwani aliyeshindwa huogelea akaenda zake. Ndani ya kioo hana njia, naye hupigwa mpaka kufa. Wahenga walisema, "Fahali wawili hawakai zizi moja," na neno hilo ni kweli kwa samaki pia.

Jike naye ana ajabu yake. Atagapo mayai, huyaokota kinywani mwake na kuyalea humo kwa muda wa majuma matatu hivi, pasipo kula au kwa kula kidogo sana. Watoto hutoka wakiwa wameumbika kamili, lakini ni wachache, makumi tu, wala si maelfu kama ya samaki wengine. Kwa sababu hiyo samaki wa mwamba mmoja wakimalizwa, hawarudi upesi.

KUCHAGUA MAJIRANI

Kwanza, majirani wawe wa maji ya namna moja. Yuko samaki mdogo wa Thailand, nchi iliyoitwa Siamu zamani, ajulikanaye kama samaki mpiganaji. Yeye huishi katika mashamba ya mpunga na vinamasi, penye maji yaliyotulia na hewa haba, na huweza kuvuta hewa juu ya maji. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana hata kuuana. Kwa kumwona mkali hivyo, mtu angedhani kwamba afaa kukaa na mbuna. La, hafai. Mapezi yake ni marefu na laini, nao wangeyararua, na maji yawafaayo wao si yale yamfaayo yeye.

Pili, majirani wawe wa kimo kinachokaribiana. Katika Ziwa Nyasa kuna samaki ambaye Wamalawi humwita kaligono, yaani mlalaji. Hulala ubavu mchangani kama mzoga, na samaki wadogo wakija kumdonoa, huruka akawameza. Huyo na mbuna wadogo wasitiwe tangi moja, ingawa wametoka ziwa moja.

Tatu, majirani wasifanane sana kwa rangi. Wakifanana, madume hudhani wamewaona wapinzani wao. Na majike huweza kuzaa na wasio wa aina yao, watoto wakawa machotara wasiojulikana kabila. Ngogo wa Ziwa Nyasa ni jirani mwema, kwa kuwa hatembei sana mchana, wala hafanani na mbuna kwa umbo wala kwa rangi.

Nne, kila dume awe na majike watatu au zaidi, na tangi liwe na mawe mengi yenye mapango ya kujificha. Tangi la lita 200, lenye urefu wa sentimeta 120, ni la kuanzia. Ikumbukwe kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo maji hayo peke yake ni kilo 200, na meza dhaifu haitayabeba.

Yuko mbuna mmoja wa buluu iliyokoza mwenye milia ya giza, ajulikanaye kwa wafugaji kwa jina la demasoni. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Asili yake ni miamba ya Pombo na Ndumbi, upande wa Tanzania. Ni mdogo, lakini ni mkali mno kwa wenziwe. Wakiwekwa watatu au wanne, mwenye nguvu humwandama mmoja mpaka amwue, kisha huanza na wa pili. Wakiwekwa kumi na wawili au zaidi, hasira yake hutawanyika, hata hakuna apigwaye sana. Lakini samaki wengi huleta uchafu mwingi, basi mwenye kufanya hivyo hana budi kubadili maji bila kuchoka.

HATARI YA KUWAHAMISHA

Katika Ziwa Nyasa mna aina za samaki zaidi ya 700, na nyingi sana hazipatikani mahali pengine po pote duniani. Mbuna hawapendi kuvuka mchanga mpana wala vilindi. Kwa hiyo mwamba mmoja huweza kuwa na samaki wasio katika mwamba wa pili. Hao wa mwamba mmoja ni kama kijiji chenye lugha yake.

Katika miaka ya 1960 mbuna wa sehemu nyingine za ziwa waliachwa katika kisiwa cha Thumbi Magharibi, upande wa Malawi, kwa ajili ya biashara ya samaki. Wageni hao waliongezeka, wakaenea pande zote za kisiwa, na wengine wakazaa na wenyeji. Hata leo hapana awezaye kuwatenga. Mwaka 1980 mahali hapo paliwekwa ndani ya hifadhi ya taifa, lakini hifadhi haiwezi kurudisha lililokwisha kuharibika. Katika Ziwa Victoria mambo yalikuwa mabaya zaidi. Sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 aina nyingi za furu, ambao ni jamaa za mbuna, zilikuwa zimetoweka.

Basi mwenye kufuga samaki na achukue shauri kwa ofisi ya uvuvi kabla ya kuwatoa ziwani. Na akichoka nao, asiwamwage ziwani wala mtoni, hata kama ameona huruma, bali awape mfugaji mwingine. Tangi likikosewa, hufa samaki wa tangi moja. Ziwa likikosewa, hupotea aina nzima, na wajukuu watasikia jina tu.

MASWALI

1. Kwa nini si vema kutia samaki katika tangi siku ile ile lijazwapo maji?
2. Mfugaji wa Maguu ana kazi gani ambayo mfugaji wa Mbamba Bay huenda asiwe nayo?
3. Taja mambo manne ya kuangaliwa katika kuchagua majirani wa mbuna.
4. Eleza kwa nini demasoni kumi na wawili huweza kukaa kwa amani kuliko watatu.
5. Mtoto amevua mbuna katika mwamba mmoja, naye ataka kuwaachia katika mwamba wa mbali. Mweleze kwa nini asifanye hivyo.