Wiki Tatu Kabla ya Maonyesho, na Mzinga Haujakwisha

Siku za maonyesho ya kilimo zikikaribia, wakulima wanaojifunza useremala hufanya kazi hadi usiku. Huyu anamalizia kiti, yule kabati. Aliyechagua kutengeneza mzinga wa nyuki amechagua vizuri, maana baada ya mashindano mzinga utarudi shambani kumletea faida. Lakini tuseme zimebaki wiki tatu tu, naye ana msumeno, randa, nyundo na mbao zisizokatwa. Aanze wapi?

Mzinga unaofaa kwa mwanafunzi ni ule uliobuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni sanduku refu, pana juu na jembamba chini, na juu yake vijiti vya mbao vimepangwa vikigusana. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kijiti. Mwenye mzinga huinua kijiti kimoja kimoja, akachukua masega ya asali na kuyaacha yenye watoto wa nyuki.

Jambo kubwa ni upana wa vijiti: milimita 32, yaani kama inchi 1 na robo. Ndiyo nafasi ambayo nyuki wetu huacha kutoka katikati ya sega hadi katikati ya sega la pili. Nyuki wa Ulaya hutaka kama milimita 35, kwa hiyo usifuate kipimo cha kigeni. Vijiti visipokuwa sawa, nyuki watajenga sega moja likashika vijiti viwili. Ukiinua kimoja, sega litapasuka, asali itamwagika, na nyuki watakasirika.

Hapa ndipo haraka huleta hasara. Mbao mbichi husinyaa zinapokauka. Kila kijiti kikipungua milimita 1 tu, mzinga wa vijiti 26 utakuwa na mwanya wa milimita 26, karibu nafasi ya kijiti kizima. Mwamuzi huenda asiuone siku ya maonyesho, lakini nyuki watauona. Basi tafuta mbao zilizokwisha kukauka, hata kama ni za kitanda cha zamani. Usizikaushe motoni, maana zitapinda na kupasuka.

Anza na vijiti, wala si sanduku. Kata kipande kimoja chenye upana sawasawa kiwe kipimo chako, na kila kijiti ukilinganishe nacho. Ukivipanga vyote 26, lazima vijaze milimita 832. Vikitimia, ndipo utengeneze sanduku la kuvichukua.

Yako pia mambo ya kuharakisha. Nakshi si lazima. Paa la bati la kawaida latosha. Rangi, kama unaitaka, ipake nje tu, wala usiipake ndani. Ndani sugua nta kidogo, kwa kuwa harufu yake huwavuta nyuki.

Siku ikifika paa halipendezi lakini vijiti ni sawa, upeleke mzinga wako bila aibu. Vijiti vikiwa havijalingana, ubaki nao nyumbani uvirekebishe. Maonyesho yatakuja tena mwaka ujao, bali mzinga mbovu ukishatundikwa utakusumbua kila mavuno.