Nguo ya Mtumba na Habari ya Mtu



Juma hili naomba nizungumze juu ya jambo lililonipata mbali na nyumbani, katika Soko la Toi, Nairobi. Nilisita kuliandika kwa kuwa halinipambi. Yule linayemhusu ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Ni binti wa kaka yangu. Miaka mitatu iliyopita aliachwa na mumewe hapa Mombasa, akawachukua wanawe wawili, akapanda basi la usiku na kuhamia Kawangware. Baada ya miezi mingi ya kufua nguo za watu, alipata kibanda Toi, baina ya Kibera na Barabara ya Ngong. Soko hilo liliteketezwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, na wafanyabiashara wakalijenga upya. Anauza nguo za mitumba, na hujidamka alfajiri kwenda Gikomba kununua mzigo.

Nilipomtembelea alinieleza kazi yake kwa furaha. Mtumba hushushwa hapa kwetu Kilindini, ukapandishwa Nairobi ukiwa umefungwa. Aghalabu huwa na uzito wa kilo 45. Mnunuzi hulipa kwanza, kisha ndipo akakata kamba na kuona alichokinunua. Nguo safi za kuchaguliwa mwanzo huitwa kamera; zile za mwisho, zinazomwagwa chini kwa bei ya kutupa, huitwa fagia. Riziki yake yote imo baina ya maneno mawili hayo.

Juu ya waya alikuwa ametundika fulana zenye nyuso za wanamuziki. Kijana mmoja alinunua yenye uso wa Tupac Shakur, mwimbaji wa Marekani aliyeuawa mwaka 1996, na kwa umri wake nadhani kijana yule alikuwa hajazaliwa. Kibanda cha jirani kilikuwa na spika, na kutoka humo ikasikika sauti ya Zuchu. Nikachangamka. Nikamwambia mwanangu kwamba binti huyo hakuokota uimbaji njiani. Ni mtoto wa Khadija Kopa, ambaye taarabu yake tuliicheza harusini nilipokuwa na magoti mazuri. Akacheka, nami nikacheka.

Basi kicheko kikanipa ujasiri. Nikatoa simu na kumsomea habari iliyokuwa ikizunguka siku hizo, juu ya mwimbaji mmoja maarufu na ndoa yake iliyovunjika. Nilieleza nani alimfumania nani, nani alifungiwa mlango, na nikaongeza kidogo cha kwangu ili kisa kinoge. Yeye aliendelea kukunja nguo.

"Shangazi, nani aliyekwambia?"

"Imeandikwa, mwanangu."

"Aliyeandika alikuwapo?"

Sikuwa na jibu. Alikunja nguo nyingine, kisha akasema pasipo kupandisha sauti: "Mimi nilipoachwa, mtaa mzima ulijua sababu kabla yangu. Wengine walisema nilikuwa na mwanamume. Wengine wakasema mdogo si wa mume wangu. Yalizungumzwa hata jikoni kwako, shangazi. Nilikuwa ukumbini, nasubiri maji ya kutawadhia."

Wasomaji wangu, nilikumbuka jioni ile. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na tulikuwa wanawake watano tukikaanga sambusa. Mimi sikulianzisha neno lile, na kwa muda mrefu nimejiliwaza kwa hilo. Lakini nilifanya jambo moja: msemaji alipotua, nilimwuliza, "Ehe, ikawaje?" Surat Al-Hujurat imetukataza kupelelezana na kusengenyana, nami naisoma tangu nikiwa mtoto chuoni. Siku ile niliona kwamba masikio yangu yalikuwa yamefanya kazi ya ulimi.

Nilimwomba radhi pale pale, katikati ya makelele ya wauzaji. Alinisamehe kwa maneno. Macho yake yalinionyesha kuwa samahani iliyobaki itahitaji muda, na ni haki yake.

Ndani ya treni ya kurudi nilimfikiria Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, akauza vyungu kwa miguu, akahamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea Afrika Mashariki. Umaarufu ulipokuja, masengenyo nayo yakaja. Waliomhusudu walimtungia nyimbo za kumdhihaki kwa nasaba yake, sura yake, na hata kaniki aliyoingia nayo mjini. Alijibu kwa wimbo pia, akisema kuwa jambo la maana kwa mtu ni akili. Lakini Siti alikuwa na sauti, na hadhara iliyokuja kumsikiliza. Binti wa kaka yangu hakuwa na hadhara. Alikuwa na tikiti ya basi.

Sisemi kwamba kila habari ya mtu ifichwe. Siti huyo huyo aliimba kisa cha Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke kisha akaponyoka adhabu. Hapo palikuwa na dhuluma, na kunyamaza kungemfaa mdhalimu peke yake. Je, habari niliyoisoma Toi ilimwokoa nani? Mwimbaji yule alituuzia nyimbo zake. Ndoa yake hakuiuza, wala watoto wake, ambao siku moja watajua kusoma.

Nitaendelea kumsikiliza Zuchu, na bado mkono hunivuta kufungua kila habari yenye kichwa cha moto. Nilichokifanya ni kidogo. Niliwaendea wale wanne tuliokuwa nao jikoni, mmoja mmoja, nikawaambia kwamba tuliyoyasema juu ya mwanangu hatukuwa na ujuzi nayo. Watatu waliinamisha vichwa. Wa nne alikasirika, na hadi leo salamu zake ni za mbali. Habari ile ya mwimbaji nami nilikuwa nimekwisha kuipeleka kwa watu kumi na wawili, na sijui wao waliipeleka wapi.

Kabla sijaondoka Toi niliona kopo la maziwa chini ya meza ya mwanangu, nikauliza lina nini. Akaniambia huweka humo vitu anavyovikuta mifukoni mwa nguo akizikagua: funguo, tikiti, barua, mara nyingine picha ya mtoto. Wateja humwomba awaonyeshe, wapate kucheka.

"Nawe huwaonyeshi?"

"Mwenyewe alitoa nguo, shangazi. Haya yalisahauliwa mfukoni."

Akalifunika kopo, akalirudisha chini ya meza, akamgeukia mteja aliyekuwa akiuliza bei ya gauni.