Mbwa Akilala, Somo Halilali

Wahenga walinena kwamba usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Methali hii ilinijia majuzi nikiwa nimeketi barazani, mbwa wetu Simba amejinyoosha miguuni pangu akiota jua la asubuhi. Ghafla miguu yake ilianza kupiga mbio papo hapo alipolala, midomo ikamcheza, akatoa mlio mwembamba kana kwamba anabweka kutoka mbali. Binti yangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, alinyosha mkono amwamshe. Nikamzuia.

"Baba, kwani mbwa huota ndoto?" akauliza.

Swali hilo si la kitoto. Sisi wanaisimu tumezoea kuijua ndoto kwa kusimuliwa, naye mbwa hana lugha ya kusimulia. Lakini kukosa lugha ya kusimulia si kukosa la kusimulia. Mwaka wa 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba kuna kipindi ambapo macho ya aliyelala huenda mbio chini ya kope, na kwamba watu walioamshwa wakati huo aghalabu walisimulia ndoto. Mbwa naye hupitia kipindi kama hicho. Kwanza huzama katika usingizi mzito, akipumua polepole. Baadaye pumzi hubadilika, macho yakaanza kucheza. Ubongo huwa umeilegeza misuli ya mwili, ndiposa haamki akatimua mbio. Mitetemo tuionayo ni ile iliyoponyoka kizuizi hicho.

Katika karne ya 20, mtafiti Mfaransa Michel Jouvet aliharibu sehemu ya shina la ubongo wa paka ambayo hulegeza misuli usingizini. Paka hao waliinuka wakiwa wamelala, wakanyemelea na kurukia windo lisilokuwapo. Nao Kenway Louie na Matthew Wilson wa Marekani walionyesha mwaka wa 2001 kuwa ubongo wa panya aliyelala huirudia ruwaza ile ile iliyojitokeza alipokuwa akipita njia aliyofunzwa. Simba hawezi kuhojiwa, lakini ushahidi huu waelekea upande wake.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Hungaria, uliochapishwa mwaka wa 2017. Mbwa waliojua kuketi na kulala chini kwa amri za Kihungaria walifunzwa amri hizo hizo kwa Kiingereza. Kisha waliachwa walale, mawimbi ya ubongo yakipimwa kwa vifaa vilivyobandikwa kichwani bila kuwaumiza. Usingizi uliofuata somo ulitofautiana na usingizi usiotanguliwa na somo jipya. Na walipoamka, walizitii amri za lugha ngeni vyema kuliko walivyozitii kabla ya kulala. Fikiria hayo, mwalimu mwenzangu: msamiati uliendelea kukita mizizi ilhali mwanafunzi mwenyewe anakoroma!

Nilipokuwa nikimweleza binti yangu mambo haya, nilimuuliza shuleni kwao huamka saa ngapi. "Saa kumi alfajiri, Baba. Kengele ikilia twaenda kudurusu." Na hulala saa ngapi? "Saa tano usiku." Saa tano tu za usingizi! Sikupata nafasi ya kuuliza jingine, kwani alikwisha kusinzia kitini, kitabu kikiwa kimefunguka mapajani, jua halijafika hata utosini.

Mbegu huota, na aliyelala huota. Isimu huyahesabu haya kuwa maneno mawili yaliyosadifu kufanana kwa sauti, lakini mwalimu anaweza kuyasoma pamoja: somo, kama mbegu, humea likiwa limefunikwa gizani. Mkulima anayeifukua mbegu yake kila alfajiri ili aone kama imechipuka hawezi kulaumu mvua.

Sisemi wanafunzi wawe wavivu. Bidii ina saa zake, na usingizi ni mojawapo ya kazi za bidii hiyo. Enyi walimu, kabla ya kuisogeza kengele nyuma kwa nusu saa nyingine, mtazameni mbwa aliyelala kibarazani. Ikiwa tunamwonea huruma huyo tukamwacha amalize ndoto yake, mtoto wa mtu amekosa nini?